Ratiba ya Mguu wa Kafedha

Changamwe, Jumatatu, 5 Aprili 1948

Huu ni mwaka wa tatu tangu nistaafu ualimu, na sikutarajia kununua daftari tena. Hili nimelinunua kwa agizo la Kioko, dresa afungaye vidonda katika zahanati yetu, anayetaka hali ya mguu wa mke wangu iandikwe mpaka masika yaishe.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi Kafedha aliponiletea chai niliona upindo wa leso yake umelowa. Nilimwuliza, akasema ni maji ya kuoshea vyombo. Maji ya vyombo hayana rangi ile. Nikamwamuru akae barazani penye mwanga anionyeshe mguu wake wa kushoto. Tumeoana miaka thelathini na minne, naye amenizalia watoto sita, lakini sikuwahi kuutazama mguu huo mchana. Kutoka nyuma ya goti hadi kifundoni mishipa imetokeza na kujisokota, minene kama kidole changu cha mwisho. Ngozi ya juu ya kifundo imekuwa nyeusi na ngumu, na upande wa ndani pana kidonda. Mishipa ilianza kufura alipokuwa na mimba ya tatu. Kidonda kipo tangu Krismasi. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuuliza, Baba Fondo," akasema, akashusha leso yake na kwenda jikoni.

Leo nimempeleka kwa Kioko. Kijana huyu ni Mkamba, na Kiswahili chake kinaumiza masikio. Husema "mguu zake" na "damu kinarudi." Mtu asiyeweza kupatanisha jina na kitenzi, nilijiuliza, atawezaje kupatanisha dawa na ugonjwa? Hata hivyo alipiga magoti sakafuni, akauosha mguu wa mke wangu polepole, na alipokuwa akiosha akatueleza. Damu hushuka mguuni kwa nguvu za moyo, lakini kupanda kwake ni kazi. Ndani ya mishipa inayoipandisha mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu. Vilango vikilegea, damu hurudi chini na kutuama, mshipa hutanuka, ngozi hukosa chakula, na mwisho hutoboka. Si uchawi, wala si damu chafu, wala si kosa la mgonjwa. Mara nyingi ugonjwa huu hurithiwa, na mimba nyingi huuzidisha, hali kadhalika kusimama mahali pamoja.

Ameagiza mguu ufungwe bendeji ya kuvutika, kuanzia vidoleni kwenda juu, asubuhi kabla mgonjwa hajashuka kitandani. Atembee, lakini asisimame tu. Na kwa saa kadhaa kila siku alale, miguu ikiwa juu kuliko moyo. Kidonda kikifunga, daktari wa hospitali ya kisiwani ataufunga ule mshipa mkubwa hapo kinenani, damu itafute njia nyingine iliyo nzima. Kisipofunga hataugusa, maana uchafu utaingia ndani. Tena Kioko alisema amewahi kuona kidonda cha namna hii kikiachwa hadi mguu ukakatwa.

Hilo alilisema mbele ya Kafedha. Sikupenda.

Kidonda: inchi moja na nusu. Nimepima kwa rula.

Jumanne, 6 Aprili

Nimechora ratiba na kuibandika ukutani chumbani. Saa kumi na mbili asubuhi, bendeji. Saa mbili hadi saa nne, miguu juu. Saa nne, kutembea hadi kisimani na kurudi, mikono mitupu. Saa nane hadi saa kumi, miguu juu. Mahamri ambayo Kafedha huyakaanga tangu alfajiri na kuwauzia wafanyakazi waendao Kipevu yamesitishwa. Nitakagua mwenyewe.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua. Nimekagua mara nne.

Jumapili, 11 Aprili

Baada ya ibada alikuja Mwanasaumu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane wa ukoo wa zamani wa Mvita, ambaye ulimi wake haukupata kwenda shule. Ndiye mwenzake Kafedha katika biashara ya mahamri. Alisimama mbele ya ratiba, akataka nimsomee, nikamsomea.

"Mwalimu," akasema, "mke huuguzwa. Huyu wamwekea kengele."

Nilimjibu kwamba utaratibu ni nusu ya dawa. Aligeukia mguu wa shoga yake, akasema anamjua fundi wa kuumika huko Mikindani, ambaye huchanja kidogo, hubandika pembe na kunyonya ile damu mbaya yote, na mtu akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kafedha alinitazama. Naona alitamani kwenda. Hata mimi nilisita, kwa kuwa marehemu baba yangu aliumikwa mgongo akapona.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimekwenda kumwuliza Kioko juu ya kuumika. Sijapata kumwona amekasirika hivyo. Alisema kuutia wembe mshipa ule ni sawa na kutoboa bomba lililojaa, na kwamba damu iliyomo si mbaya, ni damu ya mtu tu iliyokosa njia. Mwanasaumu alikuwa amenifuata kusikia mwenyewe. Naye aliinua leso yake inchi nne akamwonyesha dresa vimishipa vyembamba vya zambarau vilivyotanda kwenye muundi wake kama utando wa buibui. Kioko akavitazama, akasema hivyo haviui wala haviumi, vinamsumbua mtazamaji tu.

"Basi nimepona," akasema Mwanasaumu. "Mtazamaji nilimzika mwaka juzi."

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua siku sita mfululizo. Bendeji ya akiba haikauki. Nimekagua mara tano leo.

Kidonda: inchi moja na nusu.

Alhamisi, 22 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 26 Aprili

Inchi moja na robo tatu. Nimepima mara mbili kwa kuwa sikuamini. Badala ya kufunga, kidonda kimepanuka.

Nilimwambia Kafedha kwamba ratiba isiyofuatwa ni karatasi tu. Alisema, "Nalala, Baba Fondo." Nilisimama pale kitambo nikimweleza hatari ya uzembe, naye amesimama kando ya kitanda akinisikiliza kwa adabu, kama alivyo siku zote.

Kioko aliniuliza kama kuna jambo linalomwinua mgonjwa saa za kulala. Nilimjibu kwamba haiwezekani, kwa sababu mimi mwenyewe huingia kukagua. Akanipa dawa nyingine ya kuoshea. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba pengine dawa zake ndizo mbovu.

Jumanne, 4 Mei

Leo nitaandika kirefu.

Nilikuwa nikitoka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mvua ikanikuta karibu na nyumba. Nilijikinga chini ya upenu wa Mwanasaumu. Alitoka, akanishika mkono wa koti, jambo ambalo si desturi yake, akaniambia nisiingie kwangu bado, ila nitazame tu kupitia dirisha la chumba chetu, ambalo liko hatua chache kutoka hapo.

Nilitazama. Kafedha alikuwa amelala chali, miguu yake imeegemea ukuta, ameyafumba macho. Alikuwa akiimba kwa sauti ndogo. Sikujua kwamba bado huimba.

Ndipo Mwanasaumu alipokohoa. Hakukohoa kikohozi chake. Alikohoa changu: mara mbili, kisha kimoja kifupi, kama nifanyavyo mlangoni kila siku ili watu wajue kwamba nimefika. Wimbo ulikatika. Miguu ikashuka. Mke wangu aliinuka kwa kushika ukuta, akakaza leso, akasimama kando ya kitanda amenyooka, uso wake umekunjamana kwa maumivu ya damu iliyoteremka ghafula. Akangoja.

"Karibu, Baba Fondo," akasema, kukiwa hakuna mtu.

Mwanasaumu hakucheka. Aliniuliza, "Hii ni mara ya ngapi leo, Mwalimu?"

Hesabu ninaijua. Asubuhi nilikuwa nimekagua mara tatu. Kila nilipoingia nilimkuta amesimama, nikadhani ameinuka kwa muda tu ili anipokee. Nami husimama nikampa mawaidha kwa nusu saa, na mke aliyelelewa vizuri hawezi kulala mumewe amesimama. Nikitoka, huenda akalala kidogo, kisha kikohozi kingine. Nimekuwa nikimsimamisha kwa saa nyingi kuliko mahamri yalivyomsimamisha.

Kwa miaka thelathini na mmoja darasa zima limesimama niingiapo. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu nilimweleza Kafedha kwamba nyumbani kwangu iwe vivyo hivyo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Alilishika somo hilo, wala hajalisahau hata siku moja.

Jumatano, 5 Mei

Nimemwambia asiinuke tena. Akasema, "Ndiyo, Baba Fondo." Nilipoingia mchana, akainuka.

Alhamisi, 6 Mei

Ameinuka tena. Alisema mwenyewe hataki, lakini mwili umekwisha simama kabla hajajua. Nimeibandua ratiba.

Ijumaa, 7 Mei

Leo sikukohoa. Nilivua viatu, nikaingia kimya, nikakaa kwanza juu ya mkeka sakafuni, ndipo nikamwita. Aligeuza kichwa kunitafuta.

"Umeanguka?" akauliza.

Nilimwambia sikuanguka, nimekaa. Akacheka mpaka akajifuta machozi, na miguu ikabaki ukutani. Tulizungumza hivyo, yeye juu na mimi chini, mpaka adhuhuri. Magoti yangu hayajazoea mkeka.

Jumatatu, 17 Mei

Inchi moja. Mvua ingali inanyesha.

Jumatatu, 31 Mei

Nusu inchi, na pembezoni ngozi mpya nyekundu. Kioko alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. "Kidonda anafunga, Mwalimu!" akasema. Sikumsahihisha.

Nilimweleza kilichotukwamisha. Nilidhani atanicheka. Aliniambia kwamba kwao, kule Ukambani, mama yake mwenyewe alikuwa na mguu kama huu, na hakuna mtu aliyemwambia hata siku moja kwamba anaweza kukaa. Sasa nafahamu kwa nini hupiga magoti.

Jumamosi, 5 Juni

Barua imefika kutoka kwa Fondo, kifungua mimba wetu, aliye karani wa reli huko Voi. Wazazi wa Nyamvula, binti ambaye Fondo anataka kumwoa, wamekubali kuja kwetu Jumamosi ijayo ili tufahamiane. Ni Mzee Jefwa na mkewe Kanze, watu wa Mjambere, wenye heshima zao.

Kafedha ameniomba kitu kimoja, nacho ni kwamba siku hiyo asimame. Alisema hawezi kumpokea mkwe akiwa amelala kama mzazi aliyejifungua jana, wala kuvaa bendeji ikaonekana, watu wakasema tunawatafutia binti yao mgonjwa wa kumwuguza. Ilinipasa kukataa. Lakini kweli ni kwamba nami sikutaka wakwe waone. Nikasema, siku moja tu.

Jumamosi, 12 Juni

Mwandiko utasamehewa.

Kafedha alikuwa jikoni tangu alfajiri kwa ajili ya wali wa nazi na kuku. Bendeji aliivua ili aweze kuvaa viatu. Wakwe walifika saa sita, tukaamkiana vizuri, Mzee Jefwa akasifu baraza letu. Saa saba mke wangu alileta sinia. Mlangoni kifundo chake kiligonga ncha ya kigoda. Aliniambia baadaye kwamba hakusikia hata maumivu. Aliandaa chakula, akarudi kuchukua maji ya kunawa, akaja tena. Kanze ndiye aliyeona. Kutoka jikoni hadi kwenye mkeka wa wageni palikuwa na mstari wa damu, na kila hatua ya mke wangu iliacha dimbwi.

Mshipa ulikuwa umepasuka pembeni mwa kidonda, na damu ikiruka kama uzi. Kila mtu alifanya alilolijua. Mzee Jefwa alitaka kamba aufunge mguu juu ya goti. Mwanasaumu, aliyekuja kusaidia jikoni, aliburuta kiti tukamkalisha Kafedha, na alipokaa, mguu ukining'inia, damu ikazidi. Kafedha mwenyewe alikuwa akivuta leso kuufunika mguu na kuwaomba wageni radhi kwa kuchafua mkeka. Na mimi, niliyefundisha watu miaka thelathini na mmoja, nilisimama nikingoja mtu mwingine atoe jibu.

Kisha nikakumbuka. Juu kuliko moyo.

Nilimtoa kitini nikamlaza chini, pale pale mbele ya wakwe, kati ya wali na maji ya kunawa. Nilipiga magoti, nikauweka mguu wake begani kwangu, nikakunja kitambaa safi na kukigandamiza penye tundu kwa vidole gumba vyote viwili. Leso yake iliteremka hadi juu ya goti.

"Mwalimu," akanong'ona. Hajaniita hivyo nyumbani tangu harusi yetu. "Wakwe wananiona."

"Na waone," nikasema.

Mwanasaumu alikimbia kumwita Kioko. Mzee Jefwa aligeuka akatoka nje. Kanze alivua leso yake ya juu akamfunika mwenzake mapaja, akamshika mkono. Nilitamani kufunua kitambaa nitazame, lakini sikufunua. Nilitazama saa ya ukutani na kugandamiza. Dakika tano. Dakika kumi. Damu yake ilishuka kifuani pangu ndani ya shati, ya moto. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nilianza kumwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Zilipotimia dakika ishirini, kitambaa kilikuwa kimeacha kulowa.

Mwanasaumu alirudi na Kioko, wote wawili wanahema. Kioko aliutazama mguu begani kwangu, akauliza nani aliuinua. Nilimwambia ni mimi.

"Mngemwacha kwa kiti, Mwalimu..." akasema, akaacha hapo, akafungua mkoba wake.

Tulipomaliza, wakwe walikuwa wameondoka. Chakula hakikuguswa. Kafedha analia, si kwa mguu. Anasema amemharibia Fondo.

Jumapili, 13 Juni

Sikwenda kanisani. Nimekaa mkekani.

Jumanne, 15 Juni

Tumevuka daraja la Makupa kwa lori hadi hospitali ya kisiwani. Daktari aliutazama mguu kwa makini, akasema kidonda kimebaki kidogo tena ni safi, asingoje zaidi. Ataufunga mshipa Alhamisi ya wiki ijayo.

Hakuna habari kutoka Mjambere.

Jumatatu, 21 Juni

Mvua imepungua. Hakuna habari kutoka Mjambere.

Alhamisi, 24 Juni

Wamemkata kinenani kwa ganzi tu, yeye macho. Aliniambia alisikia mlio wa mkasi, akawa anahesabu mahamri kichwani ili asiusikie. Nilikaa nje kwenye benchi. Jioni hiyo hiyo wakamsimamisha na kumtembeza wodini, nami nilidhani wamekosea mgonjwa.

Ijumaa, 2 Julai

Kafedha yuko nyumbani. Kila saa ya mchana atembee hatua mia, kisha alale miguu juu. Nilipomwinua kitandani Mwanasaumu alifika, akanizuia mlangoni.

"Juzi wamsimamisha, leo wamtembeza," akasema. "Mgonjwa wa kisu hulazwa, Mwalimu. Una nini na mwanamke huyu?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Damu ya aliyepasuliwa ikituama huganda, na bonge likiondoka mguuni laweza kwenda mapafuni likamwua mtu ghafula. Mgonjwa wa namna hii kumhurumia ni kumtembeza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alimshika Kafedha kwapa la pili, tukatoka watatu hadi barabarani, mke wangu ameniegemea mkono mchana kweupe, na watu wanapita wakituamkia.

Jumatatu, 19 Julai

Kidonda: hakuna. Rula nimeirudisha sandukuni.

Kioko ametuonya tusijidanganye. Mishipa mingine yaweza kufura miaka ijayo. Bendeji siku za kazi, kutembea kila siku, na asisimame bure kwa heshima ya mtu yeyote. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Hakuna habari kutoka Mjambere. Nimemwandikia Fondo kwamba kosa ni langu.

Jumapili, 1 Agosti

Masika yamekwisha na barabara imekauka.

Leo baada ya ibada alikuja Kanze, peke yake, na kikapu cha mihogo. Nilijua kwamba mwanamke hutumwa kwanza ili maneno mazito yapate kusemwa taratibu. Aliniamkia kwa adabu, akaomba kuonana na Kafedha. Nikamwonyesha chumba, pazia likashuka nyuma yake. Nilibaki barazani. Kwa muda mrefu sikusikia kitu. Kisha nilisikia mtu analia, na sauti haikuwa ya mke wangu.

Pazia si mlango, na sikukusudia kusikiliza. Kanze alikuwa akisema kwamba anayo mishipa kama hiyo katika miguu yote miwili tangu mtoto wake wa nne, na hata Jefwa hajui, kwa kuwa huvua leso taa ikiwa imezimwa. Alisema kwamba siku ile Jefwa alitoka ili asimwaibishe mgonjwa, na njia nzima hadi Mjambere hakusema kitu. Walipofika nyumbani Kanze ndiye aliyesema kwanza. Alimwambia kwamba nyumba ambayo mwalimu mzima anabeba mguu wa mkewe begani mbele ya wageni, Nyamvula ataolewa humo. Jefwa alikubali siku hiyo hiyo. Aliyechelewa kuja ni yeye Kanze, kwa sababu alikuwa akijikaza ili aulize habari za huyo dresa.

Nilikuwa nikijifuta macho aliponiita Kafedha.

"Baba Fondo, tuletee chai."

Hajapata kuniambia hivyo. Niliwasha moto mwenyewe, nikaharibu viberiti vinne. Nilipofika penye pazia na sinia, kikohozi kilinitoka kwa mazoea, mara mbili na kimoja kifupi, nami nikajilaumu papo hapo.

Niliingia. Walikuwa wamelala bega kwa bega, nyayo nne zimeegemea ukuta. Kanze alijifunika uso kwa leso kwa haya. Hakuna aliyeinuka. Nikakaa mkekani, nikamimina chai.